Siku Kumi za Mbwa Aitwaye Watasema

Siku niliyokabidhi ofisi, vijana wa idara yetu ya mifugo waliniandalia soda na keki, kisha wakaniomba nasaha. Binti mmoja aliyeajiriwa karibuni akaniuliza, "Mzee, katika miaka yote hiyo, ugonjwa gani ulikushinda?" Walidhani nitataja ndigana kali au homa ya nguruwe. Nikasema, "Kubweka." Walicheka mpaka aliyeshika kisu cha keki akakiweka chini. Nami nilicheka, kwa sababu nilikuwa na furaha siku ile, lakini sikuwa natania.

Ndiyo maana nawaandikia. Habari za vyeo naziacha kwa kuwa sikupata vingi, na za mshahara mnazijua. Nataka kuwaeleza habari za mbwa wawili. Wa kwanza nilimuua mimi mwenyewe kwa ujinga, kisha nikaficha. Wa pili alipewa siku kumi za kuishi, na mimi ndiye niliyepangiwa kumwekea sumu. Niliyoyaona katika siku zile kumi yalinipa msisimko ambao, kwa umri wangu, nilidhani umebaki kwa wacheza mpira. Nimestaafu, lakini bado naamka asubuhi na hamu ya kumweleza mtu. Leo mtu huyo ni ninyi.

Nilianza kazi kata ya Mpepai nikiwa na cheti cha kidato cha nne, kozi fupi ya mifugo na viatu vilivyonibana. Aliyenipokea ni Mzee Kinunda, bwana mifugo wa zamani, mwembamba, mwenye kofia ambayo rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Alinikabidhi koleo la kuhasia, daftari la kazi, na bomba la sindano la kioo ambalo tulikuwa tukilichemsha kwenye sufuria ya mkewe. Mkewe hakujua sufuria inafanya kazi gani mchana, au alijua akaamua kuilinda ndoa yake.

Siku hiyo ya kwanza tulipanda na kushuka vilima, tukipita kando ya mashamba ya ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yaliyojipanga mlimani kama sega la nyuki. Katika kila nyumba Mzee Kinunda aliwasalimu watu kwanza, kisha akasimama kumtazama mbwa. Hakumwita wala kumgusa. Alimtazama tu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni ukichezea kitu.

"Mzee, mfukoni kuna nini?" nikamuuliza.

"Buni," akasema, akanionyesha punje kavu za kahawa. "Mbwa akibweka, natoa punje moja mfuko wa kushoto naitia wa kulia. Na kila nikihamisha najiuliza, ameona nini?"

"Kwa hiyo unahesabu kelele."

"Nahesabu sababu, kijana. Kelele hata mtendaji wa kijiji anaweza kuzihesabu."

Niliona ni mambo ya mzee asiye na haraka ya kufika. Mimi nilikuwa na haraka, na haraka hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa Simba.

Simba alikuwa mbwa wa Bwana Ndunguru, mkulima wa kahawa, mtu mpole asiyesema sana. Alimlea kama tulivyozoea kulea mbwa wa ulinzi huku kwetu. Tangu akiwa mdogo alifungwa mnyororo kutwa ili awe mkali, na kwenye ugali wake wakamtilia pilipili na manyigu waliosagwa. Huenda kwenu bado wanafanya hivyo. Mbwa wa namna hiyo huwa na maumivu ya tumbo na upweke, nasi tunaita ukali. Msimu wa kahawa, Bwana Ndunguru alimfunga kando ya vichanja vya kukaushia, pembeni kabisa ya njia iendayo kisimani na kigangoni. Kila aliyepita Simba alimbwekea, na waliopita walikuwa wengi. Majirani walikwenda kwa mtendaji, mtendaji akaniita mimi. Mzee Kinunda alikuwa upande wa pili wa kata siku hiyo, nami nikafurahi kuwa kesi ni yangu peke yangu.

Nilimtazama Simba dakika kumi, na tano kati ya hizo nilikuwa nakunywa togwa. Nikatoa amri: "Fupisha mnyororo." Bwana Ndunguru akaufupisha. Baada ya wiki nikarudi, na kelele zilikuwa zimeongezeka. Nikaona nimedharauliwa na mbwa mbele za watu. Nikatoa kwenye mkoba kipande cha mpira wa baiskeli, nikamfunga Simba mdomo barabara, nikamwambia mwenye mbwa, "Hadi jioni atakuwa na adabu." Kisha nikaenda kitongoji cha jirani kuchanja kuku, na Bwana Ndunguru akaenda shambani.

Ilikuwa kiangazi, jua la saa sita, na pale vichanjani hapakuwa na kivuli maana kahawa haikaushwi kivulini. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Joto lake hulitolea mdomoni, kwa kuhema na ulimi nje. Mfunge mdomo juani na umemfungia moto ndani. Hayo tulifundishwa kwenye kozi. Swali lake lilikuja kwenye mtihani na nililipata.

Niliporudi saa tisa Simba alikuwa amelala ubavu na mchanga umeshika kwenye macho. Nilifungua mpira kabla Bwana Ndunguru hajafika, nikautia mfukoni. Alipofika nikamwambia, "Ni moyo. Mbwa wengine huzaliwa na moyo dhaifu." Akavua kofia, akamtazama mbwa wake kwa muda, akasema, "Haya." Kesho yake akaja kwangu na jogoo mwekundu, akasema ni asante kwa kuhangaika kwangu. Nilimpokea jogoo yule, nikamla. Kwenye daftari niliandika: mbwa mmoja, kifo, ugonjwa wa moyo. Mwandiko ni mzuri hadi leo.

Mzee Kinunda alilisoma daftari mwisho wa mwezi. Kidole chake kikasimama kwenye mstari ule. Hakuuliza habari za moyo. Aliuliza, "Pale alipofungwa, alikuwa anaona nini?" Nikageuza ukurasa. Alistaafu, akafariki, na sikuwahi kumwambia.

Baadaye nilihamishiwa Ukata, kisha Tingi, kule wilaya ya Nyasa, ambako kazi ilinishusha kwa pikipiki hadi vijiji vya ufukweni. Nilichanja maelfu ya mbwa dhidi ya kichaa, na nilikuwa hodari, naweza kusema. Ila kila mtu aliponiuliza afanyeje na mbwa anayebweka mno, nilimjibu, "Mpe mtu mwingine." Nilikuwa nalikimbia swali la Mzee Kinunda. Mwaka wangu wa mwisho kazini, swali lilinifikia kwa barua.

Barua ilitoka kwa mwenyekiti wa kijiji kimoja cha wavuvi. Ilisema halmashauri ya kijiji imeketi, imemwona mbwa wa Mama Anna kuwa ni kero, na imempa siku kumi. Asiponyamaza, afisa mifugo aje amwekee sumu. Afisa mifugo ni mimi. Nilikwenda siku ya kwanza ya zile kumi, na kwa bahati nilikuwa nimetoka kwetu Mbinga na kifuko cha buni za nyumbani.

Mama Anna ni mjane anayeishi kwa kukausha usipa, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Huwatandaza juu ya vichanja mchangani, na kunguru, kuku na nguruwe wa kijiji wote huwapenda. Bila mbwa, angebaki na vichanja vitupu. Mbwa mwenyewe alikuwa wa rangi ya udongo, sikio moja limeanguka, jina lake Watasema. Mnajua desturi yetu: mtu akitaka kuwajibu majirani bila kugombana, humpa mbwa jina.

"Shikamoo, bwana mifugo," Mama Anna akasema, mikono kwenye usipa. "Umeleta sumu au umeleta maneno?"

"Marahaba, mama. Nimeleta masikio."

"Masikio utajuta kuyaleta. Kaa."

Kabla sijakaa nilivuka uwanja kumsalimu aliyeshtaki, Mwalimu Hosea, mstaafu aliyefundisha nusu ya kijiji kile kusoma. Nilimkuta kitandani saa nne asubuhi, uso umechoka.

"Bwana mifugo, mimi sina chuki na mbwa," akasema. "Nina presha. Daktari ameniambia nipumzike mchana. Nipumzikie wapi, ziwani? Na jina lile. Nikifumba macho nasikia, 'Watasema! Watasema, nyamaza!' Sasa mimi nimesema nini?"

Hakuwa mtu mbaya, na naomba mkumbuke hilo mkienda kwenye kesi za namna hii. Anayeshtaki kelele mara nyingi ni mgonjwa, au anauguza mtu, au amechoka kweli. Ukimcheka umepoteza nusu ya dawa.

Nikarudi, nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nikatia buni mfuko wa kushoto. Watasema alifungwa kamba fupi kwenye mti ulio pembeni ya njia iendayo mitumbwini. Akabweka, nikahamisha punje, nikatazama alikokuwa anatazama. Akabweka, nikahamisha. Mama Anna alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa wa akili, lakini alikuwa na adabu, hakusema.

Ilipofika saa saba nilizihesabu. Nilikuwa nimezigawa mfuko wa kulia, mfuko wa shati, na kofia. Kwenye mfuko wa shati, kwa ajili ya kunguru, punje mbili. Kwenye kofia, kwa ajili ya nguruwe, tatu. Mfuko wa kulia, kwa ajili ya watu waliopita njiani, ulikuwa umejaa mpaka unavuta suruali.

Niliinuka pale nikasahau magoti yangu. Nikapita njiani mimi mwenyewe, nikitazama kwa pembe ya jicho. Watasema akaruka, akabweka, akavuta kamba. Nikaendelea na safari yangu kama mpita njia yeyote. Nilipofika mbali akanyamaza, akaketi, akainua kifua kama mtu aliyefunga ofisi baada ya kazi nzuri. Nikarudi, hivyo hivyo. Nikarudi tena, hivyo hivyo.

"Mama Anna," nikasema, "huyu anadhani amenifukuza."

"Si ulikuwa unaondoka mwenyewe?"

"Yeye hajui. Kila anayepita njia huondoka. Anambwekea, mtu anaondoka. Katika uhai wake hajawahi kushindwa hata mara moja."

Mama Anna akamtazama mbwa wake upya. "Ndiyo maana anatembea kama diwani."

"Na wewe ukimpigia kelele anyamaze, anasikia nini? Anasikia mwenzake amekuja kumsaidia. Mnabweka wawili."

Akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Miaka yote ile nilidhani mbwa wa namna ile ana kiburi, anatafuta ugomvi. Kumbe ni mfanyakazi anayejituma, na sisi ndio tuliompangia kazi mbaya mahali pabaya. Akilini nilimwona Simba kando ya vichanja, njia ya kisimani mbele ya pua yake, akifanya kazi tuliyomfungia pale aifanye, na mimi nikija na mpira.

Siku ya pili na ya tatu tulifanya kazi ya mikono. Nilimkagua kwanza mwili, maana mbwa mwenye maumivu hubweka, na kwenye lile sikio lililoanguka nikatoa kupe wanne. Nikampa dawa ya minyoo. Kisha tukamhamisha kutoka njiani hadi upande wa pili wa vichanja. Tulivuta waya kati ya nguzo mbili, tukapitisha kamba yake kwenye waya ili aweze kwenda na kurudi kwenye vichanja vyote, akiwa na kivuli na sufuria ya maji. Kati yake na njia tukasimamisha ukuta wa matete. Asichokiona hawezi kukifukuza. Na kila alfajiri Mama Anna alitembea naye mchangani hadi mwisho wa mitumbwi na kurudi, kwa sababu mbwa aliyekaa kutwa bila kutembea ana nguvu nyingi na mahali pake pa kuzimalizia ni kooni.

Lakini masikio yake hayakuzibwa na matete, hivyo tukaanza masomo. Mama Anna alijifungia usipa wachache kwenye pindo la kanga. Mtu akipita na Watasema akibweka, hakuna kelele, hakuna jiwe, hakuna kumtazama. Akinyamaza, unahesabu moja, mbili, tatu, unasema "Basi" kwa sauti ya kawaida, unampa usipa mmoja. Akishaelewa, unahesabu hadi tano, kisha kumi. Hulipi kubweka. Unalipa ukimya, na unalipa papo hapo, maana mbwa hana kumbukumbu ya mshahara wa mwisho wa mwezi.

Tuliwaomba wavuvi nao wamrushie usipa mmoja juu ya matete wakati wanapita, kabla hajaanza.

"Yaani tumlipe mbwa ushuru?" akauliza mmoja mwenye kofia ya sufu.

"Usipa mmoja tu," nikasema.

"Na risiti anatoa?"

"Risiti ni ukimya," Mama Anna akamjibu. "Pita, baba, samaki wako wanaoza."

Walicheka, lakini walirusha. Wavuvi hupenda jambo jipya likiwa haliwagharimu muda.

Siku ya nne buni zilipungua nusu, na nililala kama mtoto wa shule usiku wa kuamkia sikukuu. Siku ya tano Watasema alibweka kuliko siku ya kwanza.

Alibweka tangu asubuhi. Aliwabwekea wavuvi, akawabwekea matete, akanibwekea mimi. Mwalimu Hosea alifunga dirisha kwa kishindo. Mwenyekiti alikuja akasimama njiani na mikono nyuma. "Bwana mifugo, nimeona matete, nimeona usipa wa bure. Zimebaki siku tano. Ile dawa nyingine umekuja nayo?"

"Ipo kwenye mkoba," nikasema, maana ndivyo ilivyokuwa.

Alipoondoka nilikwenda kwenye pikipiki. Nilikuwa na kipande cha mpira wa baiskeli nilichofungia mizigo. Sikwenda kuuchukua, lakini mkono ulifika hapo wenyewe na nikaushika. Jua lilikuwa la saa sita. Nilitaka ukimya ule wa haraka, nusu saa tu, ili nifikiri.

"Huo mpira wa nini?" Mama Anna akauliza nyuma yangu.

Nilimwambia. Nilimwambia habari yote ya Simba, na moyo dhaifu, na jogoo mwekundu. Alikuwa mtu wa kwanza kuisikia. Aliendelea kuchambua usipa mpaka nilipomaliza.

"Mwenye mbwa anajua?"

"Hajui."

"Basi ukimaliza hapa una safari," akasema. "Sasa tupa huo mpira uniambie nimekosea wapi, maana najua nimekosea. Jana jioni ulipoondoka alibweka nikamhurumia, nikamrushia usipa anyamaze. Kama wanane hivi."

Niliketi kwenye kinu. Kumbe dawa haikuwa imeshindwa, ilikuwa imemwagwa. Alikuwa amelipia kubweka kwa bei nzuri kuliko tulivyolipia ukimya. Na hata bila hilo, siku ya namna hiyo huja. Mtu ambaye ufunguo wake umefungua mlango miaka yote, siku ukikataa haurudishi mfukoni. Huuzungusha kwa nguvu zaidi kwanza. Watasema alikuwa anazungusha ufunguo. Vijana wangu, hapo ndipo watu wengi huachia na kuchukua fimbo, siku moja kabla ya mlango kumshinda mbwa. Mpira niliutupa kwenye moto wa Mama Anna, ukanuka mpaka usipa wa kichanja cha karibu wakaharibika harufu, na hilo nalo alinisema.

Tukarudi kuhesabu tatu. Siku ya sita punje zilikuwa kiganja kimoja. Siku ya saba zikapungua tena. Siku ya nane zilikuwa kumi na nne, na nilizihesabu mara mbili, nikampelekea Mwalimu Hosea azihesabu mwenyewe. Nilimkuta amelala saa saba mchana, dirisha wazi. Nikarudi kwa ncha za vidole kama mwizi, nikitabasamu peke yangu njiani.

Siku ya tisa nilimwomba Mwalimu apite mwenyewe njiani na usipa mkononi. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikuja na fimbo yake, shati amefunga vifungo vyote, kama anakwenda kukagua darasa. Watasema alisikia fimbo, akainua sikio lake moja zima, akafungua mdomo, akaufunga. Mwalimu akarusha samaki juu ya matete.

"Nimempa," akatangaza. "Sijamsamehe. Nimempa tu."

Siku ya kumi mwenyekiti alikuja na wajumbe wawili, na nusu ya kijiji ikaja kuona mbwa asiyefanya kitu. Mkoba wangu wenye sumu ulikuwa begani. Wajumbe wakapita njiani. Watasema akasimama, akatazama matete, akamtazama Mama Anna. "Basi," Mama Anna akasema polepole, mkono ukiwa tayari kwenye pindo la kanga. Watasema akaketi. Mwenyekiti hakuridhika. Akarudi mwenyewe akikanyaga kwa nguvu, akakohoa, akagonga matete kwa kiganja. Mbwa akapiga mwayo.

Wakati sote tunatazama njia, nguruwe dume mkubwa alikuja kutoka upande wa ziwa, akaweka pua kwenye kichanja cha mwisho. Watasema aliruka. Alibweka mara tatu, nguruwe akakimbia akiangusha ndoo, na Mama Anna aliposema "Basi," mbwa akarudi kuketi.

"Huyo nguruwe ni wa nani?" mwenyekiti akauliza kwa ukali.

Wajumbe wakageuka kutazama ziwa. Sote tulijua ni wa kwake.

Mwalimu Hosea alikuwa ameegemea fimbo uwanjani kwake. "Hizo tatu nimezisikia," akasema. "Hizo ni za kazi. Mbwa abaki." Kisha akamgeukia jirani yake. "Ila jina, mama."

"Jina siwezi kulibadili, Mwalimu, amelizoea. Lakini nitamwita kwa sauti ndogo."

"Hiyo inatosha."

Nilishika mkoba begani, nikaona ni mwepesi kuliko ulivyokuwa asubuhi, ingawa hakuna kilichotoka.

Safari ile aliyoitaja Mama Anna niliiahirisha mpaka nilipokabidhi ofisi, na uoga wangu naukiri. Wiki iliyofuata nilipanda gari hadi Mpepai. Bwana Ndunguru sasa ni mzee wa mkongojo. Nilimkuta ameketi karibu na vichanja vilevile, au watoto wa vilevile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bwana mifugo, umezeeka vibaya."

Sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama, kofia mkononi: mpira, jua, saa tisa, uongo wa moyo. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye jogoo akainua mkono.

"Alama ya mpira ilikuwa puani mwake," akasema. "Manyoya yamelala. Nilijua kabla ya kuvua kofia."

"Sasa yule jogoo?"

"Nilimleta ili useme. Mtu akipewa jogoo asiyemstahili, jogoo humwangalia mpaka anasema. Nilingoja." Akanitazama. "Wewe ukamla."

Niligeuka upande. Mbwa mwekundu mwenye mnyororo mfupi alikuwa anabweka pembeni ya njia ya kisimani tangu nilipofika, na bado alikuwa anabweka.

"Huyo ni wa mwanangu," mzee akasema. "Majirani wameshakwenda kwa mtendaji."

"Mzee, mimi nimeshastaafu."

"Simba hakupata kustaafu."

Akanyoosha mkono hadi kichanjani, akachota punje za kahawa kavu, akanitilia kiganjani. "Kinunda alikuwa akiniomba hizi kila anapopita. Sikuwahi kujua anazifanyia nini."

Nilizitia mfuko wa kushoto, nikavuta kigoda. Mbwa akabweka. Nikahamisha punje ya kwanza, nikatazama alikokuwa anatazama.